Arbuni Kabla ya Mtaji: Hotuba kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Lamu

Assalaam alaykum. Wazee wetu, kina mama wa vikundi, manahodha, mafundi, wenye nyumba za wageni, na nyinyi vijana mliotoka Mkomani, Langoni, Shela, Matondoni na Kipungani, pamoja na mliovuka kutoka Mokowe: karibuni nyote. Muda wetu ni mpaka adhana ya alasiri, kwa hivyo salamu ziishie hapo tuingie kazini.

Tumeitwa kuzungumzia ubunifu katika biashara. Ukiwasikiliza wengi wanaolieleza jambo hili utadhani shida yetu ni uhaba wa mawazo. Lamu haina uhaba huo. Pita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, utazame: duka moja likianza kuuza mkoba wenye picha ya punda, haupiti msimu ila majirani wote wanauza mkoba wenye picha ya punda. Mawazo yapo, na mengine mazuri sana. Kinachotuumiza ni kwamba pesa hutangulia na swali hufuata. Mtu anachukua mkopo, ananunua friza, anapaka chumba rangi, anachapisha lebo elfu nzima, ndipo anapokuja kujua kwamba mteja alikuwa akitaka kitu kingine. Nitakayoeleza leo ni njia ya kuugeuza mpangilio huo, swali litangulie, jaribio la bei ndogo lifuate, na mtaji uje mwisho.

Njia yenyewe, ambayo kwa Kiingereza huitwa design thinking, inatoka katika kazi ya usanifu wa bidhaa. Walioieneza zaidi ni kampuni ya IDEO, iliyoundwa California mwaka 1991, na shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford. Stanford huigawa katika hatua tano: kumwelewa mtu, kuliweka tatizo wazi, kutoa mawazo, kutengeneza sampuli, na kuijaribu. Zimeandikwa kwa mstari kama vituo vya basi, lakini hazifuatwi hivyo. Unaweza kufika kwenye sampuli ukarudishwa kwenye tatizo, na hapo hujapoteza kitu. Tena hatua hizi hazina uzito sawa. Zinazookoa pesa ni ya kwanza na mbili za mwisho, na huko ndiko tutakakokaa. Zile za katikati tutazipitia.

Mfano ambao kila mtu humu ameubeba mfukoni ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa mkono wa Safaricom na mwenye hisa wake, Vodafone ya Uingereza, na sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Uingereza. Kusudi halikuwa kutumiana pesa. Ilikusudiwa watu waliokopa katika vikundi vya mikopo midogo walipie mikopo yao kwa simu badala ya kubeba noti mkutanoni. Wasimamizi wa jaribio wangeweza kuhesabu tu marejesho ya mikopo na kuandika ripoti. Badala yake wakaangalia watu wanafanya nini hasa na kile chombo. Waliwakuta wakitumiana pesa wao kwa wao kwa shughuli zisizohusu mkopo. Wengine waliweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wakifika, ili wasiibiwe njiani. Na ile kazi ya marejesho, iliyokuwa ndiyo sababu ya yote, ikaonekana kuvitatiza vikundi katika hesabu zao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ahadi yake kwa umma ilikuwa rahisi: tuma pesa nyumbani. Lile lililokuwa msingi wa mpango likawekwa kando.

Kilichowafikisha hapo ni jaribio dogo lenye wateja wachache na mawakala wachache, na jicho lililokubali kuona kisichotarajiwa. Lau wangeanza na nchi nzima, kubadilisha mwelekeo kungekuwa na gharama ya kutisha.

Sasa tuje kwenye hatua ya kwanza, ya kumwelewa mtu. Wengi wetu tunadhani tunawajua wateja wetu kwa kuwa tunawaona kila siku. Kumwona mteja dukani ni kuona dakika tano za safari yake. Chukueni mwenye nyumba ya wageni Mkomani. Wageni wanampa nyota tatu, naye anafikiri dawa ni kubadilisha vitanda. Kabla ya vitanda, nachukua karatasi ya manila, nailaza chini, nachora mstari mrefu, na juu yake naweka kila kituo anachopita mgeni kuanzia anapoweka chumba mpaka anapolala usiku wa kwanza. Chini ya kila kituo naandika mambo manne: anafanya nini, anakutana na nani, anajiuliza nini, na anakwama wapi.

Fanyeni hivyo kwa mgeni anayetua Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, mtaona. Anashuka kwenye ndege, anaupata mzigo wake, anafuata watu mpaka gatini. Pale anakutana na sauti kumi kwa pamoja: boti, boti, Shela, Lamu, binafsi, ya abiria. Hajui nauli halali ni ipi wala nani anamsemea mwenye nyumba na nani anajisemea mwenyewe. Akivuka, hamali anachukua begi kabla hajaulizwa. Kisha vichochoro: hakuna kibao, simu inamwonyesha ramani ambayo nusu ya njia zake hazipo, jua liko utosini. Anafika mlangoni amekasirika na amelipa mara mbili. Hapo hata ungemlaza kwenye kitanda cha mfalme, maoni yake yatakuwa yameshaandikwa kichwani.

Kwenye manila yako utaona alama za kukwama zimejazana kati ya gati la Manda na mlango wako, na chumbani kuna moja au mbili. Kwa hivyo jaribio la kwanza haligusi vitanda. Ni ujumbe wa WhatsApp unaotumwa jioni ya kabla ya safari, wenye vitu vinne: jina la boti na picha ya nahodha, nauli ya kuvuka na ujira wa hamali kwa tarakimu, neno litakaloandikwa kwenye kibao atakachoshika mpokeaji, na picha ya mlango wa nyumba. Gharama yake ni kibao cha kadibodi na nusu saa ya kuandika. Jaribu kwa wageni 10 wanaofuatana, halafu hesabu wangapi walikupigia simu wakiwa wamepotea, na ulinganishe na 10 waliotangulia. Vitanda vitasubiri.

Mtu anaweza kusema hiyo ni akili ya kawaida tu. Ni kweli. Ajabu ni jinsi akili hiyo inavyokosekana pale mkopo unapokuwa umeshaidhinishwa.

Kutazama peke yake hakutoshi, lazima pia kuuliza, na hapa ndipo makosa yanapoanza. Swali baya kuliko yote ni hili: "Nikitengeneza kitu hiki, utanunua?" Watu wa pwani wana adabu. Watakwambia mashaallah, nzuri sana, na Mungu akufungulie. Umetoka na dua, hukutoka na taarifa. Uliza yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho ulinunua lini? Ulilipa ngapi? Ulikuwa unatafuta nini ukakikosa? Ulifanya nini badala yake? Kilipoharibika ulikipeleka wapi? Mtu anayekumbuka siku, bei na duka anakueleza maisha yake. Yule anayesema "huwa napenda" au "labda ningenunua" anakueleza hewa.

Nendeni wawili wawili, mmoja aulize na mwingine aandike, tena aandike maneno yenyewe ya mtu, siyo tafsiri yake. Dakika 30 hadi 40 zinatosha. Kwa kila aina ya mteja, watu 5 hadi 8. Ukifika hapo utaanza kusikia mambo yale yale. Lakini usichanganye aina: mgeni wa siku mbili, mkaazi wa Nairobi anayekuja kila Desemba, na mwenye duka la Mombasa anayenunua kwa jumla ni wateja watatu tofauti. Kina mama waulizwe na kina mama, hasa ndani ya nyumba. Picha hazipigwi bila idhini. Na usiwaulize ndugu zako, maana wao wananunua ili kukusaidia wewe.

Kuna kisa kinachoonyesha gharama ya kuiruka hatua hii. Afrika Kusini palitengenezwa pampu ya maji iitwayo PlayPump, iliyofungwa kwenye bembea ya kuzunguka ya watoto: watoto wacheze, maji yapande kwenye tangi. Wazo lilivutia kila aliyelisikia, na mwaka 2006 zilitangazwa zaidi ya dola milioni 16 Marekani kwa ajili ya kulisambaza katika nchi kadhaa za Afrika. Vijijini mambo yakawa mengine. Bembea ya kawaida huendelea kuzunguka yenyewe ukiisukuma. Hii ilikuwa ikivuta maji, kwa hivyo ilikuwa nzito na haikusimama kuwa mchezo. Watoto walichoka au walikuwa darasani. Wanawake, baadhi yao wazee, wakabaki kuisukuma wenyewe, kazi ngumu na ya aibu mbele ya watu, na pengine pampu yao ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa imeshang'olewa. Ikiharibika, fundi wa kijijini hakuweza kuitengeneza. Alama zote hizo zingeonekana kwa mtu aliyekaa kisimani siku mbili, asubuhi mpaka jioni, akitazama nani anachota maji na saa ngapi.

Hatua ya kuliweka tatizo wazi ni fupi lakini watu huiharibu. Andika sentensi moja: nani, anahitaji kufanya nini, na kwa nini sasa hawezi. Kosa la kawaida ni kuficha jibu ndani ya tatizo. "Wavuvi wanahitaji programu ya simu" hilo ni jibu. "Mvuvi wa Kizingitini anayefika ufuoni saa nne asubuhi anahitaji kujua bei ya Lamu kabla ya kukubaliana na mchuuzi, kwa sababu barafu yake haitafika jioni" hilo ni tatizo. La pili lina majibu mengi, na mengine hayahitaji programu yoyote. Kwa desturi, kila ninaposikia neno programu katika wiki ya kwanza, natia shaka.

Kutoa mawazo. Hapa kuna mazoea ya baraza yanayotuponza. Mkubwa akianza kusema, waliobaki husema "kama alivyosema mzee". Adabu hiyo ni njema kwa mambo mengi, ila kwa kazi hii inaua. Alex Osborn, Mmarekani wa matangazo ya biashara, ndiye aliyeueneza mtindo wa kikundi kukaa pamoja na kumimina mawazo bila kukosoana. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliupima. Waliwalinganisha watu wanne waliokaa pamoja na wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha wakajumlisha. Waliokuwa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Sababu zilizokuja kuelezwa ni nyepesi kuelewa: katika kikundi anazungumza mmoja kwa wakati, wengine wanangoja na kusahau, na wengine wanaogopa kuchekwa.

Basi fanyeni hivi. Dakika 10 kimya kabisa, kila mtu anaandika wazo moja kwa kila kipande cha karatasi, angalau 8. Asiyeandika achore, na asiyependa kalamu amnong'oneze jirani amwandikie. Vipande vyote vibandikwe ukutani bila majina. Mwenye biashara na mzee wa kikundi wazungumze mwisho. Kila mtu apewe alama 3 za kupigia kura. Msichague moja, chagueni matatu: lililo jepesi kuanza kesho, lililopata kura nyingi, na moja linaloonekana la kichaa ambalo hakuna aliyeweza kusema kwa nini haliwezekani. Saa moja na nusu inatosha. Wapo wanaopenda kuikuza hatua hii kwa karatasi za rangi na picha za kupost, halafu hakuna kinachojaribiwa. Semina za namna hiyo zimetupita nyingi.

Sampuli ndiyo tamu ya kazi. Hapa nitachukua mfano wa vikundi vya ukili, yaani mkanda uliosukwa kwa miyaa, majani makavu ya jamii ya mitende, kwa kuwa wenyewe wamo humu.

Tuseme kikundi kimewatazama wageni wanaoondoka Manda. Kimeona kwamba ndege ndogo nyingi zinaruhusu kilo 15 tu za mizigo. Mkeka mkubwa mgeni anausifu, anaupiga picha, anauacha. Wanachobeba ni mkoba unaoingia mkononi. Na waliorudi mara ya pili wanalalamikia mambo mawili: mkoba wa mwaka jana ulifanya koga, na ukili unanasa nguo ya ndani ya begi. Tatizo limejitokeza: mgeni mwenye kilo 15 anahitaji kitu cha Lamu atakachokitumia ndani ya ndege yenyewe, kisichooza wala kuchana.

Usikimbilie kusuka. Kusuka ukili wa mkoba mmoja kunakula siku. Anza na gunia kuukuu au kadibodi: kata umbo, shona kwa uzi wa gunia, tia vitu ambavyo mgeni hubeba, yaani chupa ya maji, simu, kitabu, kikoi. Weka begani, keti nayo, ipachike chini ya kiti. Saa moja itakwambia mishikio ni mifupi au mdomo ni mpana mno. Sampuli ya pili iwe ya ukili lakini upande mmoja tu, ili kujaribu bitana na zipu. Sampuli ya tatu ndiyo mkoba kamili, na usitengeneze mmoja. Wape wasukaji watatu kipimo kile kile, watengeneze mitatu.

Kwa nini watatu? Kwa sababu hapo ndipo itakapojulikana kama kuna biashara au kuna kazi ya mkono ya mtu mmoja hodari. Ukili ukipimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono iliyonyooshwa, kila mtu ana mkono wake. Upana wake unategemea idadi ya chane, yaani vipande vya miyaa vilivyopasuliwa, na chane zenyewe msukaji mmoja anazipasua nyembamba na mwingine nene. Mikoba mitatu itakuja ya ukubwa wa namna tatu. Mwenye duka wa Nairobi anayetaka 40 zinazofanana atairudisha. Dawa ni rahisi: kigezo cha ubao chenye alama mbili, kimoja kwa kila msukaji, na chane zipimwe humo kabla ya kusukwa. Upande wa koga, miyaa ikaushwe barabara kabla ya kusukwa na hata baada ya kutiwa rangi, na mkoba usifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Hilo la pili sheria imetusaidia, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Karatasi ya kaki inatosha.

Kila sampuli ijibu swali moja. Ukiuliza umbo, bei, rangi na uimara kwa sampuli moja, mtu akikataa hutajua amekataa nini. Na wekeni ukomo wa gharama: sampuli zote kwa pamoja zisizidi asilimia 5 ya mtaji mnaofikiria kuuingiza. Kama mna shilingi 100,000, sampuli zimalizike ndani ya 5,000. Ukomo huo ndio unaomlazimisha mtu kutumia gunia.

Wazee wa mashua wananicheka hapa, maana wao hawachori, macho yao ndiyo kipimo. Lakini hata wao huanza kidogo wakikutana na kitu kigeni. Ile Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, fundi wake mkuu akiwa Ali Skanda, ilianza na chombo kidogo cha karibu mita 9, kilichotumia takriban tani 10 za plastiki na kubandikwa vipande vya kandambili kama 30,000. Kilishushwa majini 2018, na mapema 2019 kikasafiri kama kilomita 500 mpaka Unguja. Ndoto ilikuwa chombo kikubwa zaidi ya mara mbili. Plastiki si mti: haina nyuzi, huwa nzito, hupinda kwa joto, na haishiki msumari kama mbao zilivyozoea. Mambo hayo ni afadhali kuyajulia kwenye chombo kidogo.

Sasa jaribio. Hapa kuna majaribio ya aina mbili na watu huyachanganya.

La kwanza linatafuta kasoro za matumizi. Mpe mtu mkoba au menyu au fomu ya kuagizia, mwambie aitumie, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Akishika zipu vibaya usimwambie "hapana, hivi". Andika kwamba ameshika vibaya. Gawa karatasi mara nne: kilichompendeza, kilichomkwaza, alichouliza, na wazo jipya lililozuka. Kwa jaribio hili watu 5 wanatosha. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark wa urahisi wa kutumia vitu, alionyesha kwa hesabu kwamba watumiaji 5 hufichua karibu asilimia 85 ya kasoro. Baada ya hapo ni bora urekebishe, kisha utafute watano wengine.

Jaribio la pili linauliza kama soko lipo, na hilo watu 5 hawalijibu hata kidogo. Hapo kipimo chetu cha zamani kinafaa kuliko dodoso lolote, nacho ni arbuni, sehemu ya bei inayolipwa mapema. Weka sampuli mezani, taja bei kamili, sema itakuwa tayari lini, na uombe arbuni. Atakayeacha shilingi 300 kati ya 2,000 amekupa jibu. Atakayesema "nitarudi" naye amekupa jibu. Mwandikie stakabadhi, na ukishindwa kutengeneza mrudishie pesa yake siku hiyo hiyo. Jaribio halihalalishi deni. Kabla ya kuanza, andikeni mpaka wenu na muutie sahihi: kwa mfano, kati ya watu 20 waliooneshwa na kutajiwa bei, wakiacha arbuni 6 au zaidi tunaendelea, wakiwa 3 hadi 5 tunabadilisha bei au umbo, wakiwa chini ya 3 tunaliacha wazo. Mpaka ukiandikwa baada ya matokeo, moyo utausogeza.

Na hesabu iwepo siku hiyo hiyo. Nachukua tarakimu za kufundishia, kila kikundi kiweke zake. Miyaa na rangi 180. Bitana na zipu 150. Ujira wa msukaji 500. Fundi cherehani 100. Lebo na karatasi 20. Jumla 950. Hapo wengi hufunga daftari. Lakini mkoba mmoja katika kumi utakuwa na kasoro hautauzika, kwa hivyo gawanya 950 kwa 0.9, unapata kama 1,056. Mwenye duka anunue kwa 1,300 ili auze 2,000. Faida yako ni 244 kwa mkoba, si 350 kama ulivyodhani. Kama kodi ya chumba na nauli za mashua kwa mwezi ni 6,100, mikoba 25 ya kwanza haikupi faida, inalipia chumba tu. Je, wasukaji wenu wanaweza kutoa zaidi ya 25 kwa mwezi zilizo sawa? Kama hawawezi, tatizo la kulitatua kwanza ni hilo, na matangazo yangoje. Na tafadhali, ujira wa msukaji usifutwe kwa hoja kwamba ni mke wa mwenyekiti.

Kosa ambalo ni la kwetu hasa ni la msimu. Wazo likijaribiwa Desemba, kaskazi imetulia na nyumba za Shela zimejaa, kila kitu kinanunuliwa. Likijaribiwa siku za Maulidi, mji umefurika watu ambao wiki ijayo hawapo. Kisha inakuja kusi, mvua za Mei, bahari imechafuka, hoteli kadhaa zimefunga, na mkopo unadai kila mwezi. Jaribuni mara mbili, kaskazi na kusi. Kama hamwezi kungoja, basi matokeo ya Desemba yahesabiwe kwa nusu, na mjiulize kusi mtamuuzia nani: mwenye duka wa Mombasa, au mteja wa Nairobi kwa njia ya simu. Ikiwa jibu ni hakuna, basi ni biashara ya miezi mitano, na hilo si baya mradi mkopo nao upangwe hivyo.

La mwisho ni haki. Umbo jipya la bidhaa linaweza kusajiliwa katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Ulinzi wake ni miaka 5, unaoweza kuongezwa mara mbili, jumla miaka 15. Sharti lake ni upya, kwa hivyo anayekusudia kusajili afanye hivyo kabla ya kulianika umbo lake kwenye maonyesho na mitandaoni. Jaribio la watu watano chumbani ni tofauti na picha iliyosambazwa. Michoro na mitindo ya jadi ya jamii nzima si ya mtu mmoja kuisajili, na ipo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Wanaouza vyakula, halua, achari na kadhalika, waulizie mapema alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa kuwa duka kubwa haliwapokei bila hiyo, na lebo zikichapishwa kabla ya kujua matakwa yake zitachapishwa tena.

Nyuma ya ukumbi kuna meza tatu zenye manila, mkasi, magunia na kalamu. Vikundi vya ukili meza ya kwanza, nyumba za wageni ya pili, samaki na vyakula ya tatu. Kila meza itoe sentensi moja ya tatizo, isiyo na jibu ndani yake, halafu mchague wawili wawili watakaokwenda kutazama kesho: gati la Manda kwa ndege za asubuhi, na soko la samaki kabla ya saa mbili. Wenye maswali waanze sasa, na kina mama watangulie.